John Wallis na maneno ya wajibu

Nilipokuwa mwaka wa kwanza hapa kitivoni, baba alinituma nimwandikie rafiki yake wa Zambia barua ya Kiingereza. Nilitaka kusema kwamba si lazima alete zawadi. Nikaandika “you must not bring a gift”. Mzee yule akaona amekatazwa. Alifika mikono mitupu, akiona haya. Tangu hapo nikaanza kutafuta waliochambua maneno ya wajibu katika Kiingereza, nikakutana na John Wallis.

Wallis alizaliwa Ashford, Uingereza, mwaka 1616, mtoto wa mchungaji. Alisoma Cambridge. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alilifumbulia Bunge barua za siri za upande wa mfalme. Mwaka 1649 akawa profesa wa jiometri huko Oxford, na kazi hiyo aliishika hadi kufa kwake mwaka 1703. Wanahesabu wanamkumbuka kwa alama ya kisicho na mwisho, ile inayofanana na nane iliyolala.

Sisi wa lugha tuna deni lingine kwake. Mwaka 1653 alitoa sarufi ya Kiingereza, iliyoandikwa kwa Kilatini ili wageni waisome. Aliwalaumu waliomtangulia kwa kukilazimisha Kiingereza kiingie katika kanuni za Kilatini. Humo alieleza kwamba “shall” na “will” hubadilika kufuatana na nafsi. Katika nafsi ya kwanza, “shall” hutabiri tu, na “will” huahidi au hutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu, kazi hizo hubadilishana. Walimu wa baadaye waliifanya kanuni hiyo kuwa sheria ya shule. Leo wasemaji wengi hawaifuati, ingawa “shall” ya wajibu bado imo katika mikataba.

Mimi nilichobaki nacho ni swali lililo nyuma ya kanuni: nani anamfunga nani? Nyumbani tunasema “unapashwa” na “si lazima”, na Kifaransa kina “devoir”. Hakuna hata kimoja kinacholingana na “must” kila mahali. “Must not” hufunga mlango. “Do not have to” huuacha wazi, mtu achague mwenyewe. Laiti ningelijua hilo, mzee yule asingeona haya mbele ya mama.