Nanga Hufungwa Kabla ya Kuanguka: Maisha ya Mtakatifu Pier Giorgio Frassati



Vijana wenzangu, picha yake bila shaka mmeiona mahali: kijana wa Kiitaliano, mwanamichezo haswa, yuko mlimani anacheka, pengine na kiko mdomoni. Ni Pier Giorgio Frassati, ambaye Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Carlo Acutis. Wengi tunajua kwamba alipenda milima, lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeona picha tu.

Alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901, siku ya Jumamosi Kuu. Nyumbani hela ilikuwepo. Baba yake, Alfredo, ndiye aliyeliendesha gazeti la La Stampa, baadaye akawa seneta na balozi wa Italia nchini Ujerumani. Mama yake, Adelaide, alikuwa mchoraji. Lakini imani katika nyumba ile haikuwa moto. Baba hakuwa mtu wa dini kabisa. Kwa hiyo Pier Giorgio hakurithi imani kama mtu anavyorithi shamba. Ilimbidi aishike mwenyewe.

Na wala hakuwa yule kijana anayepata maksi zote. Alifeli Kilatini, akahamishiwa shule ya Wajesuiti. Kumbe Mungu alikuwa na mpango wake: huko ndiko alikoanza kupokea Komunyo kila siku, na hakuacha. Mwaka 1918 akajiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akawa anatembelea maskini majumbani mwao. Mwaka huohuo akaanza kusomea uhandisi wa migodi, maana alitaka kufanya kazi karibu na wachimba migodi. Mwaka 1922 akaingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, akiwa bado mwanafunzi.

Sasa twende mlimani.

Wapandaji wa miamba wa wakati ule hawakuwa na vifaa vya leo. Kamba ilikuwa ya nyuzi za mmea, ikilowa inakuwa nzito na ngumu, na ilifungwa moja kwa moja kiunoni. Anayetangulia akipanda, mwenzake chini anaishika kamba, ameizungusha begani au nyuma ya jiwe lililochomoza. Ndiyo breki yenyewe hiyo! Ndiyo maana kabla ya kuendelea walitafuta nanga, yaani mahali pa kujifunga ili mmoja akianguka asiwavute wenzake wote. Nanga inaweza kuwa pembe imara ya mwamba, au msumari wa chuma wenye tundu unaopigwa kwa nyundo ndani ya ufa.

Msumari huo husikilizwa. Ukiingia vizuri, kila pigo la nyundo linatoa mlio wa juu zaidi kuliko la kwanza. Ukitoa mlio mzito, kama unagonga debe bovu, basi huo usiuamini, hata kama kwa macho unaonekana umekaa sawa. Tena mpandaji mwenye akili hategemei nanga moja. Anafunga mbili au tatu na kuziunganisha, ili moja ikichomoka nyingine ishike. Na hazitanui ovyo. Kamba za nanga mbili zikikaribiana kwa pembe ya nyuzi 60, kila nanga inabeba kama asilimia 58 ya uzito. Ukizitanua hadi nyuzi 120, kila moja inabeba uzito wote kana kwamba iko peke yake. Yaani una nanga mbili, lakini hazisaidiani.

Kingine ambacho kila mpandaji anakijua: nanga haifungwi wakati unaanguka. Ukishateleza, muda umekwisha. Kitakachokushika ni kile ulichokwisha kukifunga ulipokuwa umesimama salama, mikono haitetemeki, na pengine ulijiona hukihitaji.

Ukiyatazama maisha ya Pier Giorgio kwa jicho hilo, utaona alikuwa mtu wa kufunga nanga. Kabla ya safari ya mlimani alihakikisha kwanza amepata Misa, hata ikibidi kuamka usiku. Rozari ilikuwa mfukoni. Hela ya nauli aliwapa maskini, halafu akakimbia kwa miguu ili awahi chakula nyumbani. Mwezi Mei 1924 yeye na marafiki zake walianzisha kikundi wakakipa jina la utani, kama kusema Watu wa Kutiliwa Shaka. Vijana wale walipanda milima, wakataniana sana, lakini walikubaliana kwamba kinachowaunganisha ni sala, hata wakitawanyika. Ekaristi, maskini na marafiki havikuwa vitu vitatu vya mbalimbali kwake. Vilikaa karibu, vikagawana uzito.

Na uzito ulikuwepo. Alimpenda msichana mmoja, akanyamaza kwa sababu aliona wazazi wasingemkubali, na nyumba yao tayari ilikuwa inayumba. Wazazi walikuwa karibu kutengana. Maumivu hayo aliyabeba bila kelele.

Tarehe 7 Juni 1925 alipanda miamba ya Lunelle, katika bonde la Lanzo. Kuna picha ya siku ile, yuko ukutani anatazama juu. Baadaye aliiandikia maneno mawili tu ya Kiitaliano, yenye maana ya kuelekea juu. Ulikuwa upandaji wake wa mwisho.

Mwisho wa Juni akaanza kuumwa. Bibi yake alikuwa anakufa siku zilezile, hivyo nyumba nzima ilimwangalia bibi, na yeye hakutaka kusumbua mtu. Ilikuwa polio, na inadhaniwa aliipata kwa wagonjwa aliokuwa akiwatembelea. Familia ilipogundua, mwili ulikuwa umeshapooza kwa sehemu kubwa. Siku moja kabla ya kufa, mkono ukiwa karibu haufanyi kazi, aliandika kikaratasi chenye herufi zilizopinda. Hakikuwa wosia. Alimwomba rafiki ampelekee maskini mmoja dawa yake ya sindano, na ashughulikie risiti ya rehani ya mwingine. Tarehe 4 Julai 1925 akafariki, akiwa na miaka 24, bado mitihani michache tu apate shahada.

Kwenye mazishi, maskini wa Torino walijaa barabarani. Wazazi wakashangaa: hawa wote wanamjua mtoto wetu? Na maskini nao wakashangaa kusikia kwamba kijana wao alikuwa mtoto wa mtu mkubwa vile.

Mpendwa, kile kikaratasi ndicho kinachonigusa kuliko milima yote. Kijana wa miaka 24 hawezi kuanza kujifunza upendo siku moja kabla ya kufa, mkono umepooza. Alikuwa ameshajifunza, Jumatatu hadi Jumapili, kwa miaka. Anguko lilipokuja ghafla, nanga zilishika. Na hazikumshika yeye tu: hata siku ile kuna maskini wawili walikuwa wamefungwa kwenye kamba yake.

Sisi wengine tunasema, nikipata shida nitasali. Nikimaliza chuo nitarudi jumuiya. Nikipata kazi nitasaidia watu. Hebu chukua nyundo wiki hii, gonga nanga zako, usikilize mlio. Ile Misa unayohudhuria huku unachati, inatoa mlio gani? Marafiki ulio nao, ukiteleza watakushika, au mtaanguka wote? Maungamo ya mwisho yalikuwa lini? Leo umesimama salama. Funga leo.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.