Kadinali Otunga: Mwana wa chifu aliyeongoza makanisa ya vijijini Kisii

JINA la marehemu Kadinali Maurice Michael Otunga huhusishwa zaidi na jiji la Nairobi, ambako alikuwa Askofu Mkuu kwa zaidi ya robo karne. Hata hivyo, kabla ya jiji hilo kumjua, alikuwa amewachunga waumini wa vijijini katika milima ya Gusii kwa miaka tisa.

Wakati huo vijiji vya Nyaribari kama Birongo, pamoja na vile vya Nyamira na pande za Ziwa Viktoria, vyote vilikuwa chini ya askofu mmoja. Ni katika miaka hiyo ambapo ibada katika parokia za vijijini ilibadilika kuliko wakati mwingine wowote.

Otunga alizaliwa Januari 1923 katika kijiji cha Chebukwa, Bungoma. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mashuhuri wa Wabukusu, mwenye wake wengi na aliyeshika dini ya jadi. Mtoto huyo alibatizwa mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 12.

Masomo ya upadri aliyaanza katika seminari ya Kakamega, akaendelea Gaba nchini Uganda, kisha akapelekwa Roma. Huko alipewa daraja ya upadri tarehe 3 Oktoba 1950. Aliporejea nyumbani alifundisha seminarini, halafu akahudumu katika ofisi ya mjumbe wa Papa mjini Mombasa.

Mwishoni mwa mwaka 1956 aliteuliwa kuwa Askofu Msaidizi wa Kisumu, akawa Mkenya wa kwanza mweusi kupata uaskofu katika Kanisa Katoliki. Aliwekwa wakfu Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Tarehe 21 Mei 1960 Roma ilitenga eneo la kusini mwa Nyanza kutoka Kisumu na kuunda jimbo jipya la Kisii. Otunga akakabidhiwa jimbo hilo. Lilikusanya Wagusii na Wajaluo, na askofu wao hakutoka katika kabila lolote kati ya hayo mawili.

Alikuta kazi iliyokuwa imeanzishwa na mapadri wa Mill Hill, ambao mwaka 1911 walifungua misheni ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii. Mwanzo wa misheni hiyo haukuwa mwepesi. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipopigana Kisii, wenyeji waliochoshwa na utawala wa kikoloni walitumia nafasi hiyo kupora mali ya serikali na ya wamishenari.

Kufikia mwaka 1960 hali ilikuwa imetulia, lakini mapadri walikuwa wachache na vilima vingi. Padri aliishi makao makuu ya parokia, naye alivifikia vigango kwa zamu. Jumapili nyingi ni katekista aliyewakusanya watu, akaongoza sala na kuwafundisha wakatekumeni. Mara nyingi kanisa la kigango lilikuwa jengo la udongo lililoezekwa kwa nyasi, na siku za wiki lilitumika kama darasa la watoto.

Padri alipofika, Misa ilisomwa kwa Kilatini. Kasisi aliielekea altare, mgongo wake ukiwa kwa waumini. Wakulima waliopanda na kushuka milima tangu alfajiri walifuata ibada kwa kutazama ishara na kusikiliza kengele, huku wengi wakisali rozari kimyakimya.

Mwezi Oktoba 1962 Papa Yohane wa 23 alifungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na Askofu wa Kisii akawa miongoni mwa maaskofu walioushiriki. Mtaguso ulidumu hadi Desemba 1965. Desemba 1963, mwezi uleule Kenya ilipopata Uhuru, ulitoa hati kuhusu liturujia iliyofungua njia ya kutumia lugha za wenyeji katika ibada.

Kwa parokia ya kijijini, badiliko hilo lilikuwa kubwa. Kasisi aligeuka akawaelekea watu. Bibi kizee ambaye hakuwahi kuingia darasani sasa aliweza kuielewa sala iliyotolewa altareni. Nyimbo za lugha za wenyeji zikapata nafasi katika Misa, na ngoma, ambayo hapo awali ilitiliwa shaka na wamishenari wengi, ikaanza kuingia kanisani.

Lakini lipo jambo ambalo Mtaguso haukulibadilisha, nalo liligusa familia nyingi za Gusii: ndoa ya wake wengi. Kanisa halikukubali kumbatiza mwanamume aliyekuwa na wake wawili au zaidi mpaka abaki na mmoja. Wazee wengi walisubiri, wengine wakabatizwa wakiwa katika hatari ya kufa. Kuna wanawake waliohudhuria Misa kwa miaka mingi pasipo kupokea Komunyo, kwa sababu tu walikuwa wameolewa katika boma la wake wengi.

Otunga hakulijua suala hilo kwa kusoma vitabuni tu. Yeye mwenyewe alikuwa tunda la boma kama hilo. Hata hivyo, alibaki mtetezi imara wa mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa, na hakuyalegeza kwa sababu ya nasaba yake. Baadhi ya watu waliuona huo kuwa uaminifu, wengine wakauona kuwa ugumu.

Novemba 1969 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu Mwandamizi wa Nairobi, na jimbo la Kisii likaenda kwa Askofu Tiberius Charles Mugendi. Mwaka 1993 sehemu ya jimbo hilo ilikatwa ikawa jimbo la Homa Bay. Huko Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii, ipo shule ya upili ya wavulana inayoitwa kwa jina la Kadinali Otunga.

Oktoba 1971 alishika rasmi uongozi wa Nairobi, akimrithi Askofu Mkuu John Joseph McCarthy. Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo wa Sita alimfanya Kadinali, wa kwanza kutoka Kenya. Mwaka 1978 aliingia mara mbili katika mkutano wa kumchagua Papa, mwezi Agosti na Oktoba.

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliazimia kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa parokia. Kwa askofu aliyetoka vijijini, wazo la waumini wachache kusali pamoja bila padri halikuwa geni. Vigango vya Gusii vilikuwa vimeishi hivyo kwa miongo kadhaa.

Agosti 1985 alikuwa mwenyeji wa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa lililomleta Papa Yohane Paulo wa Pili jijini Nairobi. Mwaka 1996 alizua mjadala mkali aliposhiriki katika kuteketeza kondomu hadharani, wakati Ukimwi ulipokuwa ukiua Wakenya wengi. Wapiganiaji wa afya ya umma walimlaumu vikali, naye hakurudi nyuma.

Alistaafu Aprili 1997, nafasi yake ikachukuliwa na Askofu Mkuu Ndingi Mwana a'Nzeki. Mwana huyo wa chifu alichagua kuishi Nyumba ya Wazee jijini Nairobi, makao ya watu wakongwe na maskini yanayotunzwa na masista. Huko alikula na kusali pamoja na wazee wengine.

Alifariki dunia tarehe 6 Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka 80. Alizikwa Msongari, na mwaka 2005 mabaki yake yakahamishiwa Bustani ya Ufufuo huko Karen. Kanisa limeanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Uamuzi kuhusu utakatifu wake utatoka Roma. Katika vilima vya Gusii, alama ya wakati wake husikika kila Jumapili, mkulima anapomjibu padri wake kwa lugha anayoielewa.