Kleist Sykes: mtoto wa kuja aliyeasisi umoja wa Waafrika

Nafundisha maarifa ya Uislamu hapa Bugarama, mahali palipojaa watu kwa sababu ya dhahabu. Zikitajwa ajira za mgodini, vijana hugawana: huyu mzawa, yule wa kuja. Uchaguzi ukikaribia, huulizwa kwanza kabila la mgombea, hoja zake baadaye. Siku moja mabishano hayo yalizuka darasani. Kijana ambaye baba yake alitoka Kasulu akainamisha kichwa. Nikafunga kitabu, nikawasimulia habari za Kleist Sykes.

Mzee Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake alikuwa askari wa Kizulu, mmoja wa walioletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kuja kuwapiga wenyeji wa nchi hii. Kwa vipimo vyetu, basi, alikuwa mtoto wa kuja, tena wa askari wa mvamizi. Yeye mwenyewe aliwapigania Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi reli chini ya Waingereza.

Waingereza walipanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Mishahara na shule vilifuata ngazi hiyo. Hapo Uzulu wa Kleist haukumsaidia kitu. Yeye na Mzaramo walikuwa daraja moja. Jina walilodunishwa kwalo, yeye na wenzake wakaligeuza kuwa nguvu. Mwaka 1929 wakaasisi African Association, rais akiwa Cecil Matola, Mkristo, na katibu Kleist, Muislamu. Mwaka 1933 akawa pia miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya.

Alifariki mwaka 1949. Mwaka 1954 chama kile, wakati huo kikiitwa TAA, kikazaa TANU, na wanawe Abdulwahid na Ally walikuwamo. Lakini uzio wa rangi nao ulirithiwa: wasio Waafrika hawakupewa uanachama wa TANU hadi mwaka 1963, hata wale walioiunga mkono.

Ndugu msomaji, kuna umoja wa waliodhulumiwa pamoja, na kuna umoja wa kumnyima jirani. Wa kwanza ni haki. Lakini nao, dhuluma ikishaondoka, usipoangaliwa hugeuka kuwa wa pili.

Yule kijana wa Kasulu akaniuliza kama Mzee Kleist alikuwa mzawa au wa kuja. Nikalirudisha swali kwa darasa. Hakuna aliyejibu haraka.

Allah amrehemu Mzee Kleist.