Askofu Kivengere: Aliyemfuata adui yake kwa baiskeli

Wafanyabiashara wanaovuka Gatuna kwenda Kabale kutafuta viazi na bidhaa nyingine hupita katika mji ambao jina la Askofu Festo Kivengere ni kubwa. Wengi wanajua tu kwamba alikuwa askofu aliyemkimbia Idi Amin. Wachache wanajua kwamba kabla ya kumsamehe Amin, mtu huyu alikuwa amejifunza kusamehe akiwa kijana, pale alipomchukia Mzungu mmoja.

Kivengere alizaliwa karibu mwaka 1919 katika eneo la Rukungiri, Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Ukoo wake ulikuwa wa wafugaji, tena wa nasaba ya watawala. Utotoni alichunga ng'ombe, kisha akaenda shule ya misheni, akasomea ualimu na kurudi kwao kufundisha. Alikuwa kijana msomi, mwenye mshahara, mpenda pombe, na kanisa alikuwa amekwisha kulipa kisogo.

UAMSHO ULIOANZIA GAHINI

Wakati huo Kigezi ilikuwa ikitikiswa na uamsho wa watu walioitwa Balokole, yaani waliookoka. Mizizi ya uamsho huo ilikuwa Gahini, Rwanda, katika hospitali ya misheni alikofanya kazi daktari Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1929 daktari huyo, akiwa amechoka na kukata tamaa, alikutana Kampala na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wawili hao walisoma Biblia pamoja na kuomba pamoja. Katika nyakati za ukoloni, Mzungu na Mwafrika kuketi hivyo kama ndugu halikuwa jambo la kawaida. Urafiki wao ulikuwa miongoni mwa mbegu za uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Balokole walikuwa na desturi iliyowaudhi wengi: kuungama makosa hadharani na kuwaendea waliowakosea. Mwafrika aliungama chuki yake, na baadhi ya wamishenari wakaungama dharau yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Kivengere naye aliokoka. Furaha yake ilikuwa kubwa, lakini haikukaa muda mrefu kabla dhamiri haijamsumbua. Alikuwepo Mwingereza mmoja aliyeishi umbali wa maili 50 hivi, naye Kivengere alikuwa akimchukia. Akaona hawezi kudai anampenda Mungu huku moyoni amemfungia mlango mtu huyo.

Msomaji anayeijua milima ya Kigezi anaweza kukisia safari hiyo. Kivengere alipanda baiskeli, maili 50, kwenda kwa mtu ambaye angeweza kabisa kumfukuza. Alipofika alimweleza kwamba alikuwa akimchukia, akamwomba msamaha, akamwita ndugu. Mzungu yule hakumfukuza. Walikumbatiana, na machozi yakawatoka.

Tangu siku hiyo suala la rangi halikumtisha tena. Mwaka 1946 alihamia Dodoma, Tanganyika, pamoja na mkewe Mera, akafundisha huko zaidi ya miaka kumi. Baadaye alihubiri katika nchi nyingi na kuwa mkalimani wa mhubiri Mmarekani Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki mwaka 1960. Alifanya kazi bega kwa bega na Michael Cassidy, Mzungu wa Afrika Kusini, katika shirika la African Enterprise. Wakati Makaburu wanatunga sheria za kutenganisha watu kwa rangi, Mzungu wa Afrika Kusini na Mwafrika wa Uganda walisimama katika jukwaa moja wakihubiri upatanisho.

CHINI YA UTAWALA WA AMIN

Mwaka 1972 Kivengere akawa Askofu wa Kigezi. Mwaka huohuo Amin aliwafukuza Waasia, akawapa siku 90 waondoke na kuacha maduka na nyumba zao. Chuki ya rangi ikawa sera ya serikali, na wapo walioishangilia. Lakini bunduki haikuishia kwa Waasia. Februari 1973 watu watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale mbele ya umati. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla ya kufa. Alikwenda akiwa na hofu, bila kujua atawaambia nini. Aliwakuta wana amani, nao ndio waliomtia moyo.

Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala na kuuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kivengere alikuwa pamoja na Luwum siku ile, na alikataliwa kumfuata ndani. Siku chache baadaye alipata habari kuwa yeye naye anatafutwa. Usiku, yeye na Mera waliacha gari na kupanda milima kwa miguu mpaka wakaingia Rwanda.

Hapo ndipo mtihani wa pili ulipoanza. Akiwa ukimbizini, moyo wake ulijaa uchungu dhidi ya Amin. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo, katika kanisa la All Souls mjini London, alisikia yakisomwa maneno ya Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha. Akatambua kwamba hana ruhusa ya kumtoa Amin katika maombi hayo. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Waganda wengi walishtuka, na wengine walikasirika.

Lakini tusikosee hapa. Kivengere hakunyamaza. Aliendelea kuieleza dunia mauaji yaliyokuwa yakifanyika Uganda. Alichokataa ni kuyabeba mauaji hayo moyoni kama deni la kulipiza.

Akiwa nje aliwasaidia Waganda waliokuwa wakimbizi waendelee na masomo, ili siku moja warudi kuijenga nchi. Sisi tuliosomea ukimbizini tunaujua uzito wa kazi hiyo. Mtoto wa mkimbizi asipopewa daftari, urithi wake huwa ni masimulizi ya waliotufukuza.

Amin alipoanguka Aprili 1979, Kivengere alirudi Kigezi mwaka huohuo. Mwaka 1983 aliwapa wanawake upadri, jambo ambalo maaskofu wengi walilikwepa. Alifariki Nairobi Mei 18, 1988, kwa saratani ya damu.

Kwetu tuliorudi, maisha yake yana swali gumu. Wapo waliokuta shamba la baba linalimwa na mwingine, na wapo wanaokutana sokoni na mtu aliyewachongea. Shauri la shamba lipelekwe panapohusika, na haki idaiwe. Hata hivyo Kivengere alionyesha kwamba ipo kazi nyingine ambayo hakuna baraza linaloweza kuifanya kwa niaba yetu. Yeye hakusubiri Mzungu yule aje kwake. Maili zile hamsini alizikanyaga mwenyewe.