Thomas Crapper: Fundi wa vyoo aliyeweka jina lake kwenye kazi

Wengi huamini kwamba Thomas Crapper ndiye aliyevumbua choo cha kuflashi. Si kweli. John Harington alikuwa na chake miaka ya 1590, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Naye Alexander Cumming alipata hataza mwaka wa 1775 ya choo chenye bomba lililopinda, ambapo maji yanayobaki kwenye pindo huzuia harufu isirudi ndani. Sasa mbona jina la Crapper ndilo linakumbukwa?

Jamaa alizaliwa 1836 huko Thorne, Yorkshire, nchini Uingereza. Ufundi aliupatia kazini. Mwaka wa 1853 alianza uanagenzi kwa kakake George, fundi wa mabomba mtaani Chelsea, London.

London wakati huo ilikuwa inanuka, na simaanishi kidogo. Uchafu wa vyoo uliishia Mto Thames, na kipindupindu kiliua watu kwa maelfu. Msimu wa joto wa 1858, uvundo ulizidi hadi wabunge wakashindwa kukaa bungeni. Hapo ndipo serikali ilitoa pesa za kujenga mitaro mikubwa chini ya ardhi. Miaka mitatu baadaye, 1861, Thomas alifungua biashara yake. Aliona kazi inakuja.

Zamani hizo, choo kilikuwa kitu cha kuongelewa kwa kunong'ona. Yeye alifungua chumba cha maonyesho, akapanga vyoo, sinki na mabafu waziwazi ili mteja ajionee kabla ya kutoa hela. Alikuwa pia na karakana yake mwenyewe, na alimiliki hataza tisa. Mojawapo ya vitu alivyoboresha ni boya, ile mpira inayoelea ndani ya tangi la choo. Maji yakijaa, boya linapanda na kufunga mfereji. Likiharibika, maji yanatiririka usiku kucha na bili inapanda. Ukisikia choo chako kinalia bila kuguswa, anza kuangalia hapo kabla ya kununua tangi jipya.

Miaka ya 1880 kazi ilimfikisha Sandringham, kwa mwanamfalme Edward, ambako aliweka vyoo 30 vyenye vikalio vya mbao za mwerezi. Cheo cha Sir hakuwahi kupewa, ingawa wapo wanaomwita hivyo.

Lakini kilichomtofautisha ni kwamba jina lake aliliandika kwenye kazi yake. Matangi yalikuwa nalo, hata vifuniko vya mitaro. Mambo yakiharibika, kila mtu alijua wa kuulizwa. Linganisha na huku kwetu: fundi anafunga sinki, analipwa, wiki mbili baadaye inavuja na simu yake haishikwi. Halafu tunashangaa mbona watu hudharau kazi ya mabomba. Kama unasomea ufundi huu, ama unajifunzia kwa mjengo, hilo liweke akilini. Mteja atakayekupigia tena ndiye mshahara wako wa mwaka ujao.

Thomas alistaafu mwaka wa 1904 na kufariki Januari 27, 1910. Alizikwa Elmers End, kusini mwa London. Ukifika kanisa la Westminster Abbey, ambamo wafalme huvishwa taji, angalia chini unapotembea. Vifuniko vyenye jina lake bado vipo.