Helmholtz: Aliyepima mwendo wa mishipa ya fahamu

DAKTARI anapoupima kwa umeme mkono unaokufa ganzi usiku, ili ajue kama mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo, hufuata njia iliyofunguliwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz.

Alizaliwa Potsdam mwaka 1821, mtoto wa mwalimu. Alitamani fizikia, lakini fedha zilikuwa haba. Akasomea udaktari kwa gharama za serikali na kulipa deni hilo kwa utumishi jeshini.

Mwalimu wake, Johannes Müller, aliamini kwamba kasi ya mishipa hiyo haitapimika kamwe. Mwaka 1850, huko Königsberg, Helmholtz aliushtua mshipa wa mguu wa chura karibu na msuli, kisha mbali nao, akalinganisha muda. Alipata takriban meta 27 kwa sekunde, polepole mno kuliko sauti! Taarifa yake ilikuwa fupi kiasi kwamba wenzake wa Berlin hawakuielewa, hadi rafiki yake du Bois-Reymond alipowafafanulia.

Mwaka 1867, yeye na Baxt walipima mkono wa binadamu kwa kufuatilia msuli wa dole gumba, ambao hospitali huupima hadi leo. Mshipa ukibanwa, ishara huchelewa kifundoni.

Helmholtz alifariki dunia Septemba 8, 1894.