John Boyd Dunlop, munganga wa nyama aliyefunga mupepo ndani ya mupira

Asubui, kwenye barabara zinazotoka Lubumbashi na kupita katika komini ya Annexe, mambo ni yaleyale. Bisi ndogo inasimama mbele ya kwado, imejaa watu, magunia ya makala na unga juu. Shofere anapiga pine teke, anaona iko nguvu, anaenda zake. Mwingine anaomba waongeze mupepo, lakini haulizi ni kiasi gani. Wachache tu ndio wanajua kwamba mutu aliyeingiza ule mupepo katika maisha ya dunia hakuwa mekanisia. Alikuwa munganga wa nyama, na kazi yake iliacha alama kubwa hapa Kongo, hata kama yeye mwenyewe hakutafuta jambo hilo.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 2 mwaka wa 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Uskoti, kwa walimaji. Alisoma unganga wa nyama kule Edinburgh, na akamaliza akiwa na miaka 19 tu. Mwaka wa 1867 alivuka bahari na kwenda Ayalandi. Kule Belfast alifungua kazi ya kutunza farasi, na kazi ikakua sana. Wakati ule farasi ndio walikuwa wanakokota mizigo yote ya muji. Mwaka wa 1871 alioa Margaret Stevenson, wakazaa mutoto mwanamuke na mutoto mwanaume.

Jambo lenyewe lilianzia kwa yule mutoto mwanaume, Johnnie. Alikuwa na kinga ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, na magurudumu ya wakati ule yalikuwa na mupira mugumu, bila kitu ndani. Mutoto alikuwa anatikisika mupaka anachoka. Basi mwezi wa 10 mwaka wa 1887, baba akaingia katika kiwanja cha nyumba. Alikuwa amezoea mupira, maana alikuwa anatengeneza nao vyombo vya kazi yake. Akachukua duara la mbao, akalizungushia mupira mwembamba wenye tundu ndani, akaufunika na kitambaa, kisha akapiga mupepo na pompi ya balo. Halafu akasukuma magurudumu mawili kiwanjani: lile lake, na lile la kinga lenye mupira mugumu. La mupira mugumu likaanguka njiani. Lile lenye mupepo likapita kiwanja chote, likaenda kugonga mulango mbali.

Hapo ndipo Dunlop alielewa jambo ambalo mashofere wengi wanalisahau mupaka leo: mupira peke yake haubebi mizigo, mupepo ndio unabeba. Mupira ni mufuko tu. Mupepo ukipunguka, mufuko unabanwa na kukunjwa kila mara gurudumu linazunguka, na unapata moto. Mupepo ukizidi, pine inaruka juu ya mawe na kushika barabara kidogo tu.

Mwaka wa 1888 aliomba haki ya uvumbuzi, na akaipata tarehe 7 mwezi wa 12. Mwaka uliofuata, mushindani wa kinga wa Belfast, Willie Hume, akaweka pine hizo. Watu walimucheka juu ya mapine manene. Tarehe 18 mwezi wa 5 mwaka wa 1889 alishinda mashindano yote aliyoingia siku ile, na kicheko kikaisha. Mufanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros, akaona feza. Kampuni ikaundwa mwaka uleule, na Dunlop akamwachia haki yake kwa kupewa hisa 1,500.

Lakini furaha haikudumu. Mwaka wa 1890 ilijulikana kwamba mutu mwingine wa Uskoti, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo lilelile tangu mwaka wa 1845. Thomson alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1873, na watu walikuwa wamemusahau. Haki ya Dunlop ikapoteza nguvu, na kampuni ikabaki kuishi kwa haki za uvumbuzi wa watu wengine. Mwaka wa 1895 Dunlop akaondoka. Mwaka uliofuata kampuni ikauzishwa kwa pauni milioni 3, na kisha ikapelekwa kwa wanunuzi wa hisa kwa pauni milioni 5. Hizo hazikuingia katika mufuko wake.

Na hapa historia inafika kwetu. Kinga, kisha motokari, zilifanya dunia ikose mupira wa kutosha. Kongo ilikuwa wakati ule mali ya mufalme Léopold II, tangu mwaka wa 1885. Katika misitu yake kulikuwa na mizizi na kamba za porini zenye mupira. Wanakijiji walilazimishwa kuleta kilo zilizoamriwa. Wanawake walifungwa kama rehani mupaka waume walete. Waliokosa walipigwa fimbo, vijiji vikachomwa, mikono ikakatwa. Roger Casement, mutu wa Ayalandi aliyekuwa konsuli wa Uingereza, alipita mutoni mwaka wa 1903, na ripoti yake ikatoka mwaka wa 1904. Mwaka wa 1908 Léopold akanyanganywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Dunlop hakuamuru fimbo hata moja. Lakini starehe aliyotafutia mutoto wake ililipwa na watoto wa watu ambao hawakuwa na kinga.

Dunlop alikufa Dublin tarehe 23 mwezi wa 10 mwaka wa 1921, akiwa na miaka 81, na akazikwa katika makaburi ya Deans Grange. Jina lake liko kwenye mapine dunia nzima, lakini mali kubwa ilienda kwa wengine.

Kile alichogundua katika kiwanja chake kinaweza kuokoa watu leo kwenye barabara ya Likasi ao ya Kasumbalesa. Namba iliyoandikwa pembeni ya pine ni mwisho wa kile inaweza kuvumilia, si kipimo cha gari lako. Kipimo cha gari kiko kwenye kibandiko pembeni ya mulango wa shofere ao katika kitabu chake. Mara nyingi kinatenganisha pine za mbele na za nyuma, gari tupu na gari lenye mizigo, maana ile inayobeba zaidi inaomba mupepo zaidi. Ni hivyo pia kwa gari la safari lenye kitanda na jiko ndani: uzito wake hauondoki siku hata moja, kwa hiyo linapimwa kama gari lenye mizigo.

Pima asubui, pine zikiwa baridi, mbele ya kuondoka. Joto likipanda digrii 10, mupepo unapanda karibu bar 0.1, ile watu wanaita kilo. Ndiyo maana kipimo cha asubui ya mwezi wa 6 si cha mwezi wa 10 wenye jua kali. Na pine ikishika moto njiani, usitoe mupepo: ikipoa itabaki na kidogo kuliko inavyoomba. Teke halipimi kitu. Kipimo kidogo cha mukono kinapima, na kinagharimu franka chache kuliko pine moja iliyopasuka.